Umehamia nyumba yenye LUKU ya mtu mwingine? Umeme na gesi: maswali yenu

Karibu barua zote za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nimehama, na umeme au gesi ya huku haifanyi kama ya kule. Tumechagua sita.

*Nimepanga Tabata, nyumba iliyokaa bila mtu kwa miezi kadhaa. Nimenunua umeme wa 20,000, nikapata uniti 22 tu. Halafu namba zilizokuja ni sitini badala ya ishirini. Nimetapeliwa?* – Mpangaji, Dar es Salaam

Hujatapeliwa, dada. Hapo yamekutana mambo mawili tofauti.

Kwanza pesa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa sasa ni 1,500 kwa mwezi. Mita isiponunuliwa umeme, kodi inalimbikizwa, na anayenunua wa kwanza ndiye anayeibeba yote. Tuseme nyumba imekaa miezi minane: 12,000 inaondoka, inabaki 8,000. Kwa bei ya 356 kwa uniti, pamoja na VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati), unapata uniti 22 na ushei. Hesabu yako imekaa hapo hapo. Fungua risiti uone mchanganuo: kodi ina mstari wake, na kama mpangaji aliyetangulia aliacha deni la TANESCO, nalo lina mstari wake. Deni huijua mita, halijui jina lako.

Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba. Tunza risiti zote na mkubaliane ziondolewe kwenye pango, kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha. Ukikaa kimya mpaka mwaka uishe, wengi watakuambia hukusema.

Sasa namba sitini. Mita za kulipia kabla za mfumo huu wa LUKU, unaotumika nchi nyingi duniani, zilifikia ukomo wa hesabu yao ya tarehe siku ya 24 Novemba 2024, na kila mita ililazimika kubadilishiwa ufunguo. Nyumba yako ilikuwa tupu, hivyo haikubadilishwa. Ingiza kundi la kwanza la tarakimu 20, subiri mita ikubali. Ingiza la pili, isubiri tena. Hayo mawili ndiyo yanayobadilisha ufunguo; uniti zenyewe zipo kwenye kundi la tatu. Watu wengi hurukia la tatu kwa sababu ndilo wanalolitaka, mita inalikataa, wanarudia mpaka keypad inajifunga kwa muda. Ikijifunga iache itulie, usibonyeze chochote, kisha anza na la kwanza. Kazi hii hufanywa mara moja tu. Uniti zilizokuwa tayari ndani ya mita hazipotei, ila tokeni (namba za umeme ulionunuliwa) ya zamani ambayo haikuwahi kuingizwa haitakubaliwa tena baada ya hapo.

Kwa anayetafuta nyumba sasa: kabla hujatoa pango la miezi sita, soma namba ya mita (tarakimu 11, zipo usoni pa mita) na nunua umeme kidogo mbele ya mwenye nyumba. Risiti ndogo itakuonyesha jina la mteja, kundi la bei na makato. Kiasi kidogo kikikataliwa, mara nyingi ni kwa sababu hakifikii makato yanayosubiri. Hapo ndipo pa kuzungumza, wakati pesa bado iko mfukoni mwako.

Na ukishahama, futa namba ya mita ya zamani kwenye M-Pesa au Airtel Money. Simu inakumbuka, wewe unabonyeza, tokeni inakwenda kwa mita ya kule. Tokeni hutengenezwa kwa mita moja tu. Ya kwako mpya haitaipokea kamwe. Kilichobaki ni kumpigia aliyekurithi, umpe namba na akurudishie pesa, akiwa muungwana.

*Nilikotoka 1,000 ilinipa uniti 8. Huku napata 2.8. Mita mbovu?* – Msomaji wa Mbagala

Mita nzima, kundi la bei ndilo limebadilika. Ulikokuwa ni D1, kundi la watumiaji wadogo: uniti 75 za kwanza za mwezi ni 100 kila moja, na ukijumlisha kodi na tozo inafika 122. Elfu moja gawa kwa 122 ni 8.2. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya kodi, ghali kuliko hata kundi la kawaida. Huku uko T1, 292 kabla ya kodi. Kundi hufuata historia ya matumizi ya mita, kwa hiyo unalipa kwa mazoea ya waliokutangulia. Nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya na namba ya mita, au piga 180, uombe matumizi yaangaliwe. Kama una friji, pasi na hita ya maji, usijisumbue: 75 hazitakutosha.

Msomaji huyu ameongeza kwamba mita kuu ni moja kwa wapangaji wanne, kila mmoja ana sub-mita, na mwenye nyumba anadai 500 kwa uniti. Familia nne kwenye mita moja lazima zivuke 75, kwa hiyo T1 haikwepeki, lakini 500 haitoki kwenye bei ya TANESCO. Sub-mita yako ikisoma 1,482 mwanzo wa mwezi na 1,521 mwishoni, umetumia uniti 39. Zidisha kwa 356: 13,884. Taa za nje na pampu ya kisima zigawanywe kwa nne, wazi, kwa risiti. Piga picha ya sub-mita siku ya kuingia, kabla hata godoro halijashushwa.

*Mita iko juu ya nguzo na aliyehama ameondoka na rimoti.* – Kigamboni

Rimoti hiyo ya kuingizia namba imeunganishwa na mita ya nyumba hiyo, na kwa aliyehama ni kipande cha plastiki tu, hivyo mwambie airudishe. Akipotea kabisa, toa taarifa TANESCO wakupe nyingine na kuifunga kwenye mita yako. Ya jirani haitafanya kazi. Aina nyingi huzungumza na mita kupitia waya wa umeme wenyewe, kwa hiyo ichomeke kwenye soketi ya ndani ya nyumba hiyo hiyo, na uniti zikiwa zimeisha weka betri mpya. Betri zilizochoka ndizo chanzo cha malalamiko mengi ya “mita haikubali namba”.

*Bafu lina hita ya kuoga ya papo kwa papo. Nikiwasha, breka inakata baada ya dakika tano. Fundi anataka kuweka breka kubwa zaidi.* – Mama wawili, Arusha

Mama, mzuie. Hita hizo nyingi ni wati 5,500. Kwa volti 230, hiyo ni karibu ampea 24. Ukiona inakata baada ya dakika kadhaa badala ya papo hapo, breka ni ndogo, pengine ya ampea 20, na inapashwa joto na mzigo uliozidi. Inafanya kazi yake. Aliyefunga hita pengine aliichukulia umeme kwenye laini ya soketi, waya wa 2.5 mm². Ukiweka breka ya 32 kwenye waya huo, breka itanyamaza na waya ndio utakaochemka, ndani ya ukuta, usipouona.

Inayotakiwa ni laini yake peke yake kutoka kwenye DB (kisanduku cha breka): waya wa 6 mm², breka ya ampea 32, swichi ya kukata nyaya zote mbili iliyo nje ya eneo la maji, na erthi inayofika kweli kwenye rodi ardhini. Ongeza kinga ya mvujo wa umeme (RCD) ya miliampea 30. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la erthi halina waya nyuma. Muombe fundi afungue soketi moja uone. Kazi ifanywe na mwenye leseni ya EWURA. TANESCO wajibu wao unaishia kwenye mita, kutoka hapo kwenda ndani ni juu ya mwenye nyumba.

*Tunahamia Mbeya. Mtungi wa kilo 15 tuupakie vipi, na tukifika tuunganishe vipi?* – Kimara

Funga vali, washa jiko mpaka gesi ya kwenye mpira iishe, ndipo utoe regulata. Rudisha kifuniko cha vali. Mtungi usafiri wima, umefungwa kamba, sehemu ya wazi ya gari. Usilazwe: gesi ya maji ikifika kwenye vali, inatoka kimiminika. Usiuweke kwenye buti, wala ndani ya basi.

Mkifika, kama duka la karibu halina kampuni yenu na mmebadilisha mtungi, nendeni na regulata mkononi. Za kubonyeza hutofautiana kipenyo, 20, 21, 22, 27 mm, na tofauti ya milimita moja inatosha kuvujisha huku ikionekana imekaa. Mtungi upimwe: uzito mtupu umepigwa chapa kwenye shingo au mkono wake. Ukisoma 16.2, mizani ionyeshe 31.2. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani, msione haya.

Mpira usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko, na kila ncha iwe na klipu ya skrubu. Waya wa kufungia si klipu. Tarehe imechapwa kwenye mpira. Ukipinda ukaonyesha nyufa, tupa bila kusubiri tarehe. Fungua vali jiko likiwa limezimwa, paka povu la sabuni kwenye maungio yote, hesabu polepole mpaka thelathini. Povu likivimba, funga. Kiberiti hakitumiki kutafuta mvujo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii: mlango au tundu la chini ndilo linaloitoa.

*Nyumba mpya ya Mikocheni ina bomba la gesi ya TPDC. Jiko langu la mtungi litafaa?* – Msomaji, Sinza

Si hivi hivi. Ya bombani, ya TPDC (shirika la mafuta na gesi la taifa), ni gesi asilia, karibu yote methani, na ujazo ule ule una joto chini ya nusu ya gesi ya mtungi. Nozeli za jiko lako zina tundu dogo mno kwake: moto utakuwa mfupi na chai itachelewa. Fundi abadilishe nozeli na kurekebisha hewa, kama mtengenezaji wa jiko anauza seti hiyo. Majiko mengi huja nayo kwenye mfuko mdogo uliobandikwa nyuma, na watu huutupa na boksi. Weka zile za zamani kwenye bahasha, kwa sababu siku ukirudi kwenye mtungi na nozeli za bomba, moto utapanda wa njano, na masufuria yatakuwa meusi tii. Kumbuka pia kwamba methani ni nyepesi, inapanda. Huku, tundu la hewa liwe juu.