Beji Hii Ilikuwa ya Nani? Majibu kwa Wasomaji

Tangu niandike kuhusu vitu vinavyokutwa kwenye masanduku ya marehemu, maswali yanayoongoza ni ya beji za kofia za michezo. Nimechagua machache. Karibu kofia na beji zote mlizonieleza zilitoka Uingereza, kwa hiyo majibu nayo yatakwenda huko.

Shikamoo. Katika vitu vya babu mzaa mama tumekuta kofia ya mahameli ya buluu iliyokolea, ina kishada cha nyuzi za fedha, na mbele zimetariziwa herufi tatu zilizosokotana. Kila mtu hapa nyumbani anazisoma kivyake. Chini yake pana 1908-9. Nimezitafuta mtandaoni hadi macho yameniuma. Nianzie wapi? (Mjukuu)

Marahaba. Anzia kwa watu, beji iweke kando kwanza. Najua inauma kuambiwa hivyo ukiwa umeshika kofia mkononi, lakini herufi tatu zilizosokotana zinasomeka kwa mipangilio sita, na kila mpangilio una vilabu vyake kibao. Ukianza na herufi, utazunguka mpaka uchoke.

Chukua karatasi, uandike miaka ya maisha ya babu kwa mfuatano: alizaliwa lini, alisoma wapi, kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi, alihama lini, alioa lini. Kisha weka 1908 juu ya karatasi hiyo uone inaangukia wapi. Kama alizaliwa 1890, alikuwa na miaka kumi na minane, kwa hiyo unatafuta shule ya sekondari, chuo au kazi ya kwanza. Kama alizaliwa 1904, kofia si yake. Geukia baba yake, wajomba zake, na usiusahau upande wa mke wake, maana vitu vya shemeji aliyefariki bila watoto mara nyingi huishia kwa dada yake. Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea: kitu kimekutwa kwa babu, basi kimekuwa cha babu.

Sasa huo mwaka wenye kistari. 1908-9 ni msimu unaovuka mwaka mpya, yaani mchezo wa majira ya baridi: mpira wa miguu, raga au magongo. Kriketi na makasia ni michezo ya kiangazi, na kofia zake kwa kawaida hubeba mwaka mmoja tu. Kwa kistari hicho umeshapunguza nusu ya kazi.

Herufi ya mwisho ikiwa C, huenda ni ya klabu. Lakini F.C. isikufanye uruke raga, kwa sababu vilabu vingi vikongwe vya raga vilijiita hivyo hivyo na vingine vinajiita hivyo hadi leo. C.C. yaweza kuwa kriketi au baiskeli. B.C. ni makasia, mara nyingine ndondi au mchezo wa matufe. Ukiona XV hiyo ni raga, VIII ni makasia, ila XI inashirikiwa na mpira wa miguu, kriketi na magongo.

Ukishapata mji aliokuwa akiishi, ingia kwenye sensa. England na Wales huhesabu watu kila baada ya miaka kumi, na karatasi za kaya za 1911 na 1921 zote zinasomeka. Ile ya 1921, iliyofunguliwa Januari 2022, ina kitu kitamu kwa kazi yako: iliuliza jina la mwajiri. Viwanda, migodi na kampuni za reli zilikuwa na timu zao, na herufi zinazowagombanisha hapo nyumbani zinaweza kuwa za kiwanda alichofanyia kazi. Usipoteze muda kuitafuta sensa ya 1931, iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo huzibwa na rejista ya wakazi ya Septemba 1939.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye magazeti ya mji huo, ambayo mengi yameshaingizwa kwenye kompyuta. Tafuta kwa jina la ukoo na mwaka, usiandike jina la timu, kwa sababu hilo ndilo unalolitafuta. Matoleo ya Jumamosi na Jumatatu yalijaa vikosi vya timu ndogo ambazo leo hakuna anayezikumbuka.

Nimerithi beji ndogo ya fedha yenye pini. Nyuma imegongwa simba anayetembea, nanga, herufi "k" na herufi mbili nyingine. Je, ni ya wanamaji?

Beji ya baba mkubwa ina nanga kubwa mbele na maneno ya Kiingereza. Alipenda sana kuogelea. Ni ya klabu ya kuogelea?

Nawajibu pamoja kwa kuwa nanga imewachanganya nyote wawili.

Wewe wa kwanza, hiyo si nanga ya baharini kabisa. Ni alama ya ofisi ya kupima madini ya Birmingham, mji ulio mbali na bahari kila upande. Simba anathibitisha kwamba fedha ni ya kiwango cha sehemu 925 kwa 1000, na zile herufi mbili ni za aliyeileta ipimwe, kwa kawaida mtengenezaji. Herufi "k" ndiyo mwaka, ila alfabeti ilirudiwa tena na tena, kwa hiyo linganisha umbo la herufi na umbo la kingao kinachoizunguka kwenye jedwali la Birmingham, usitumie la London. Halafu kumbuka kwamba herufi zilibadilishwa katikati ya mwaka, hivyo moja inagusa miaka miwili ya kalenda. Ukiupata mwaka, huo ni mwaka wa kupimwa. Beji inaweza kuwa ilikabidhiwa baadaye.

Wewe wa pili, soma tena maneno hayo kwa kioo cha kukuzia. Yakiwa "Sure & Stedfast", baba mkubwa alikuwa Boys' Brigade, chama cha vijana wa Kikristo kilichoanzishwa Glasgow mwaka 1883. Nanga yao imetoka Waebrania 6:19. Angalia kama nyuma ya nanga pana msalaba. Msalaba uliongezwa mwaka 1926 walipoungana na Boys' Life Brigade, kwa hiyo nanga tupu kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. Ukishajua hilo, usiende kwenye vilabu vya kuogelea, nenda kwenye kumbukumbu za kanisa alilosali, kwa sababu kila kikosi kilikuwa chini ya kanisa fulani. Kuogelea huenda alijifunzia hukohuko.

Nyumbani tumekua tukiambiwa babu wa baba aliichezea England. Kofia tunayo, ina waridi jekundu. Binamu zangu wanataka kuiwekea fremu na maandishi. Mimi nasita. (Msomaji mwenye wasiwasi)

Sita zaidi kidogo. Wachezaji wa timu za taifa ni watu walioandikwa kuliko karibu mtu yeyote mwingine katika michezo. Raga ya England ilianza mechi zake za kimataifa Machi 1871 dhidi ya Scotland, na orodha ya waliocheza ipo tangu mechi hiyo ya kwanza. Chama cha mpira wa miguu kilikubali kuwapa wachezaji wake kofia mwaka 1886, na orodha nayo ipo. Kutafuta jina humo ni kazi ya dakika tano. Likikosekana, halimo.

Likikosekana, waridi linabaki na kazi nyingi. Lancashire wana waridi jekundu, Yorkshire wana jeupe, na mawaridi yamo pia kwenye nembo za Derbyshire, Hampshire na Northamptonshire. Shule na vilabu vya majimbo hayo vimeazima ua hilo bila kuona haya. Kuichezea timu ya jimbo wala si jambo dogo; kijana wa kiwandani aliyeitwa jimboni alitajwa gazetini kwa jina na kwa klabu yake. Jinsi hadithi inavyokua naijua: mtoto anasikia "alipewa kofia", mjukuu anasikia "alipewa kofia ya England". Hakuna aliyedanganya.

Kuhusu fremu, waambie binamu maandishi yasubiri. Kofia haikimbii.

Beji ya shangazi ina taji juu. Tujue vipi kama ni ya michezo au ya jeshi? Alicheza magongo.

Geuza nyuma. Beji za kofia za jeshi la Uingereza kwa kawaida hushikwa na vitanzi viwili vya kupitishia pini, au na ulimi mrefu wa chuma unaochomekwa kwenye kofia. Beji za michezo huwa na pini ya kawaida kama ya bruchi, au zimeshonwa moja kwa moja. Kanuni hii ina mianya, lakini ndiyo ya kuanzia.

Taji lenyewe hutoa tarehe. Lenye matao yaliyopanda mviringo bila kubonyea katikati lilitumika tangu enzi za Edward VII hadi 1953, na lenye matao yaliyobonyea ni la Elizabeth II. Kabla ya hapo lilikuwepo la Victoria, nalo lina umbo lake. Ila taji dogo mno lililogongwa nyuma pamoja na simba ni jambo jingine kabisa: hiyo ni alama ya ofisi ya kupima madini ya Sheffield, ambayo mwaka 1975 ilihamia kwenye waridi.

Nina picha ya timu, watu kumi na tano, na mjomba wa mama yangu amekaa safu ya mbele amevaa kofia tuliyonayo. Lakini pichani kofia ni nyeusi na yetu ni nyekundu. Ina maana si yenyewe?

Inaweza kuwa yenyewe kabisa. Filamu na vioo vya kupigia picha vya zamani havikuiona rangi nyekundu ipasavyo. Nyekundu ilitoka kama nyeusi na buluu ilitoka hafifu, wakati mwingine karibu nyeupe. Filamu zilizoona rangi zote vizuri zilienea miaka ya 1920 na 1930. Kwa picha ya kabla ya hapo, usilinganishe rangi. Linganisha mapana ya mistari, mahali kishada kilipoanzia na umbo la nembo.

Na picha hiyo ni mali kuliko kofia. Watu kumi na tano ni raga, karibu kwa hakika. Tazama mpira ulioshikwa na nahodha, kwa sababu walizoea kuuandika msimu kwa chokaa au rangi nyeupe, na ukiukuza utausoma. Hesabu wangapi wamevaa kofia. Kama ni wanne au watano tu kati ya kumi na tano, ujue kofia haikuwa sare, ilikuwa heshima ya waliostahili, na shule nyingi ziliandika orodha ya hao kwenye majarida yao. Toa picha kwenye fremu, taratibu, uangalie kadi ya nyuma: jina la studio na anwani yake hukupa mji, na vitabu vya zamani vya anwani za biashara hukupa miaka ambayo studio hiyo ilikuwa mtaa huo.

Njia hiyo ya anwani inafanya kazi kwa beji pia. Watengenezaji waligonga majina yao nyuma, na walihama. Majina mawili utakayokutana nayo mara kwa mara ni Vaughton wa Birmingham na Fattorini wa Bradford. Vaughton ndio waliotengeneza kombe la pili la FA baada ya lile la kwanza kuibwa kwenye dirisha la duka mwaka 1895, na Fattorini wakatengeneza lililofuata, la 1911. Timu ya kwanza kulitwaa hilo ilikuwa Bradford City. Watu wa Bradford bado wanalisimulia, na mimi ningekuwa wao ningelisimulia pia.

Naweza kuisafisha kwa dawa ya kung'arishia shaba?

Hapana. Ung'arishaji unakula alama ndogo za nyuma, zile zile unazozihitaji, na dawa ikiingia kwenye nyuzi za dhahabu haitoki. Brashi laini kavu inatosha. Kofia ya mahameli usiioshe.

Nimeuziwa beji ya kitambaa, muuzaji akasema ni ya 1890 na kitu. Kuna namna ya kumkamata?

Ipo moja ya haraka. Ingia chumba chenye giza, uimulike kwa taa ya urujuanimno. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa kwa weupe wa samawati, kutokana na kemikali zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Pamba na hariri za zamani hubaki zimefifia. Tahadhari ni kwamba kitu cha zamani kilichofuliwa kwa sabuni ya kisasa nacho hung'aa, kwa hiyo kagua upande wa nyuma, ndani ya mikunjo ambako sabuni haikufika vizuri. Nyuzi zikiwaka huko pia, mdai fedha yako.

Mzee pekee aliyebaki anayemjua mwenye kofia ni bibi, ana miaka tisini. Nikimuuliza kuhusu klabu anasema hajui michezo ya wanaume.

Basi usimuulize michezo. Mpe kofia aishike, umuulize nani alikuwa anaifua sare, kaka yake alikuwa anarudi saa ngapi Jumamosi, alipanda gari la moshi au alitembea, na rafiki yake aliyekuja naye kula aliitwa nani. Jina la rafiki huyo ndilo la kuandika kwanza. Ukimpata kwenye kikosi kilichochapwa gazetini, angalia majina yanayomfuata.