Waliotawala Kutch ni Wajadeja

Kuna aliyesema kwamba Kutch, nchi ya kifalme ya zamani magharibi mwa India, ilitawaliwa na ukoo wa Warathore. Hapana, si Warathore. Kutch ilikuwa ya Wajadeja. Warathore ni wa Jodhpur na Bikaner, huko Rajasthan. Wajadeja ni Warajput (jamii ya wapiganaji na watawala wa India) wa ukoo wa Samma kutoka Sindh, ambayo leo iko Pakistan, na Khengarji wa Kwanza ndiye aliyeifanya Bhuj kuwa makao makuu katika karne ya 16. Mtawala aliitwa Rao, baadaye Maharao.

Nimeyajua haya kwa sababu ya sarafu. Kutch ilipiga fedha yake yenyewe, kori, na ninayo moja ya 1936: upande mmoja jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza, kwa hati za Kiajemi, upande wa pili Maharao Khengarji wa Tatu kwa Kidevanagari, hati zinazoandikia Kihindi. Edward hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, kwa hiyo ni sehemu chache tu zilizowahi kutoa sarafu kwa jina lake. Afrika Mashariki ni mojawapo! Ukiikuta senti kumi ya tundu ya 1936 kwenye kopo la bibi, isome vizuri.

Ila msichanganye na Nawanagar (Jamnagar). Nao ni Wajadeja, tawi la ukoo huohuo, lakini dola nyingine, na mtawala wao aliitwa Jam Saheb. Ranjitsinhji, yule mchezaji maarufu wa kriketi, ni wa huko, si wa Kutch.

Utawala wenyewe uliisha 1948, serikali ya India ilipoichukua Kutch moja kwa moja.