Ati hospitali ya kufia? Maswali yenu kwa muuguzi mstaafu

Shikamoo mama. Bibi amepewa rufaa kutoka kituo chetu cha afya kwenda KCMC. Wajomba wamegoma, wanasema huko ndiko watu wanakofia. (Rombo)

Marahaba mwanangu. Wanaofia huko ni wengi kweli, na sababu iko wazi: ni hospitali ya rufaa ya kanda. Aliyepondwa na bodaboda Same, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mzee wa kiharusi, wote wanaishia Moshi wakiwa hoi. Kituo chenu kina vifo vichache kwa sababu mahututi wake hawalali hapo. Mpelekeni bibi leo. Wajomba wataendelea kubishana mkisharudi.

Sasa hospitali nzuri tutaijuaje, kama kuhesabu vifo hakutoshi? (Mwalimu, Sanawari, Arusha)

Mwalimu, shika chaki. Chukua hospitali mbili za kubuni, kila moja imelaza watu 1,000. Ya kwanza wamekufa 20, ya pili 60. Ungekimbilia ya kwanza, sivyo? Subiri. Angalia umri wa wagonjwa, ugonjwa uliowaleta na hali waliyofika nayo, kisha kadiria wangapi wangekufa kwa matibabu ya kawaida. Tuseme ya kwanza ilitarajiwa kupoteza 16, ya pili 75. Gawanya waliokufa kwa waliotarajiwa, zidisha kwa 100: ya kwanza inapata 125, ya pili 80. Ile ya vifo 60 ndiyo imefanya kazi nzuri.

Uingereza hesabu hii ilienezwa na Profesa Brian Jarman. Hospitali ya Stafford ilipotoka na namba kubwa, wakaguzi waliingia, na ripoti ya uchunguzi ya 2013 ikaeleza wagonjwa walioachwa na kiu na kulazwa kwenye uchafu. Namba haikuwaambia hayo. Iliwaonyesha tu mlango wa kugonga.

Takwimu hizi haziwezi kupikwa? (Majengo, Moshi)

Kupikwa, na hata kuungua zenyewe. Mwaka 1863 Florence Nightingale, muuguzi mwenzangu, alichapisha jedwali lililoonyesha vifo zaidi ya 90 kwa kila wagonjwa 100 katika hospitali za London. Alikuwa amegawa vifo vya mwaka mzima kwa wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja! Wakosoaji hawakumwacha.

Kwetu tatizo liko kwenye rejesta. Nimeijaza miaka mingi: karibu na jina unaandika ameruhusiwa, amehamishwa, ametoroka, amefariki. Ndugu wakiona mgonjwa amekata tamaa, wanaomba wampeleke nyumbani, maana mgonjwa anasafiri kwa nauli, maiti inataka jeneza na gari la kukodi. Tunaandika "ameruhusiwa kwa ombi la ndugu". Anazikwa kihambani Jumamosi, na wodi yetu inabaki safi kwenye karatasi. Ndiyo maana wanaopima vizuri huhesabu siku 30 tangu mtu alazwe, popote atakapofia.

Hapa Tanzania kuna anayefuatilia? (Ngaramtoni)

Kwa akina mama, ndiyo. Kila kifo cha uzazi kinatakiwa kujadiliwa: damu ilikuwepo? Gari lilichelewa wapi? Kikao kimoja cha namna hiyo kikiendeshwa bila kutafutana uchawi, mimi nakipenda kuliko jedwali zima.

Nafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Niulize nini? (Himo)

Uliza wanafanya upasuaji huo mara ngapi kwa mwaka, na saa nane usiku ukitokwa damu nani anaitwa.