Maswali na majibu: "irq 16: nobody cared", na huu ugonjwa wa kubandika acpi=off

SWALI: Habari fundi. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, toleo la 2011, nimeiwekea Debian iwe ruta ya ofisi yetu hapa Mwanza. Ina kadi mbili za mtandao, moja ya kwenye bodi yenyewe na nyingine ya PCI ya zamani niliichomeka mimi. Inapiga kazi vizuri saa mbili tatu halafu intaneti inakuwa nzito mno, kibodi inachelewa, kwenye skrini inatokea "irq 16: nobody cared" na chini yake "Disabling IRQ #16". Nikizima na kuwasha inapona. Fundi mmoja akaniwekea acpi=off na noapic kwenye maagizo ya kuwasha mashine, ule ujumbe ukaisha kweli, ila sasa mashine ni nzito tangu inawaka. Ninunue mazabodi nyingine?

JIBU: Ndugu yangu, mazabodi usinunue kwanza. Andika nproc, bonyeza enter, halafu soma namba inayokuja. Nakuhakikishia karibu asilimia mia itakuja 1, wakati prosesa yako ina koa (vichwa vya kufanyia kazi) mbili au nne. Keneli, yaani moyo wa Linux, inajua mashine ina koa ngapi kwa kusoma majedwali ya ACPI, yaani maelezo ya vifaa na umeme ambayo BIOS inaipa, sasa ukiizima ACPI yote, mashine nyingi za umri huo zinabaki na koa moja tu, nyingine zimekaa bure. Na noapic ndo imemalizia, imeirudisha mashine kwenye utaratibu wa chipu za 8259 wenye laini 15 za intarapti (njia ambazo kifaa kinamwita prosesa, na IRQ ndo namba ya laini), mpangilio wa PC AT ya 1984, kwa hiyo vifaa vilivyokuwa vimetawanyika vimebanana kwenye laini chache zaidi. Huyo fundi hajatibu kitu, na wewe umelipa hela, ndo kinachoniuma.

Swali hili naletewa kila wiki, likiwa limeshabandikiwa plasta na mtu mwingine, na karibu wote wanausoma ule ujumbe kinyume. Wanadhani keneli inasema IRQ 16 imeharibika. Wengine wanashuka chini kidogo wanaona neno handlers, mbele yake usb_hcd_irq, basi wanasema aah, kumbe ni USB. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja nikakuta juu ya meza kuna kibodi tatu mpya, mbili hata plastiki haijatolewa, na kadi ya USB iliyong'olewa, vyote vimenunuliwa kwa sababu ya mstari huo mmoja. Hakukuwa na kibodi mbovu pale.

Orodha ya handlers ni ya mashahidi, siyo ya watuhumiwa. Laini za PCI zinatumiwa na vifaa vingi kwa pamoja, na kifaa kikitaka huduma kinaikamata laini na hakiiachii mpaka draiva yake, yaani programu inayokiendesha, ikiambie sawa nimekusikia. Intarapti ikija keneli inawapitia madraiva wote waliojiandikisha kwenye laini hiyo, inamuuliza mmoja mmoja, hii ni yako? Kila mmoja anaangalia kifaa chake anasema siyo yangu. Laini bado imekamatwa, kwa hiyo prosesa inaitwa tena hapohapo, na tena, na tena, bila kupumua. Keneli inahesabu, na katika intarapti 100,000 zikipita 99,900 zisizo na mwenyewe inaifunga laini nzima ili mashine isife. Waliotajwa kwenye handlers ndo waliosema siyo yangu, na ndo wanaoumia sasa, maana laini yao imefungwa na keneli imebaki inawachungulia kwa taima mara kumi hivi kwa sekunde. Ndo maana kibodi yako haifi kabisa, inachelewa, na intaneti inatambaa.

Sasa mkosaji ni nani? Toa kwanza yale makorokoro, fungua /etc/default/grub, futa acpi=off na noapic, piga update-grub, washa upya. Kisha watch -n1 cat /proc/interrupts, uiache wazi huku watu wanatumia intaneti kwa nguvu, uangalie mstari wa 16 unabeba majina gani na namba inapanda vipi, kabla ya kufa itaruka maelfu kwa maelfu. Baadaye lspci -v, tafuta kila kifaa chenye IRQ 16, hasa kile kisicho na mstari wa "Kernel driver in use", maana kifaa kinachopiga kelele bila draiva ndo mwenye kosa wa kawaida kabisa.

Kwa mashine yako lakini mimi naanza kwingine. Mwaka 2011 chipseti (chipu kuu za bodi) nyingi za Intel za mashine za nyumbani, P67 na H67 kwa mfano, ziliacha kuwa na PCI ya asili, watengenezaji wa bodi wakaweka chipu ya daraja kati ya PCI Express na zile slotu za zamani. Kwenye PCI Express hakuna waya wa intarapti, kukamata laini ni ujumbe unatumwa na kuachia ni ujumbe mwingine. Kuna daraja linalojulikana kwa ubovu huu, kwenye lspci linatokea ASM1083 au ASM1085, ujumbe wa kuachia linausahau mara mojamoja, hasa kazi ikiwa nyingi. Kadi yako imeshahudumiwa, imenyamaza, ila laini juu inaonekana bado imekamatwa, na hapo kweli hakuna draiva atakayesema ni yangu. Saa mbili tatu nzuri halafu kufa, na kupona ukizima, inafanana kabisa na hilo.

Ukiliona hilo jina, ng'oa hiyo kadi ya PCI, mashine ikae siku mbili bila hiyo. Ikitulia umepata jibu. Nunua kadi ya PCI Express inayotumia MSI, yaani inayotuma intarapti kwa kuandika kwenye memori bila kugombea laini na mtu. Ukishachomeka utaiona kwenye /proc/interrupts imeandikwa PCI-MSI badala ya IO-APIC, ambayo ni chipu ya zile laini za kugombania. Bei yake hailingani na mazabodi hata kidogo.

Najua utasema ujumbe wenyewe unashauri kujaribu irqpoll. Sawa, jaribu usiku mmoja kwa kupima tu. Inailazimisha keneli kuwauliza madraiva wote kila mara, mashine inachoka, na ukiiacha hapo moja kwa moja umeamua kuishi na tatizo.

Na hili nawaambia wote, siyo wa Mwanza peke yake. Nafungua mashine za watu nakuta mstari wa maagizo ya kuwashia keneli umeandikwa noapic nolapic acpi=off pci=nomsi irqpoll, vyote kwa mpigo, hakuna anayekumbuka nani aliweka na kwa nini. Hiyo pci=nomsi inavirudisha vifaa vyote kwenye laini za kugombania, yaani inalitengeneza tatizo lilelile ulilolikimbia! Wa FreeBSD nao wanafanya hivyohivyo, wakiona "interrupt storm detected" wanaweka hw.intr_storm_threshold kuwa 0, ujumbe unanyamaza na dhoruba inaendelea, wakati vmstat -i ingewaonyesha kwa sekunde moja ni kifaa gani. Wenye laptopu, kworker (kazi za ndani za keneli) ikila prosesa na IRQ 9, ambayo ni laini ya ACPI, ikipaa, msizime ACPI, pigeni grep . /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe* muone ni gpe (aina ya tukio la ACPI) namba ngapi, izimwe hiyo moja. ACPI ndo inaongoza feni na joto kwenye mashine nyingi, mtu akikwambia uizime yote muulize amesoma nini kwenye dmesg, yaani kumbukumbu za keneli, kabla ya kukwambia hivyo, na kama hajasoma, usimlipe.

Wewe wa Mwanza, nitumie matokeo ya lspci -nn na /proc/interrupts yote mawili, moja kabla ya kung'oa kadi na moja baada ya siku mbili.