Maswali na majibu: hadithi za mwisho za Karen Blixen, mwandishi wa Denmark

*"Ukurasa Mtupu" (1957) inaishia hewani. Lile shuka jeupe lina maana gani?*

Msomaji wa pwani anayejua kisarawanda, kitambaa cha kuthibitisha ubikira usiku wa arusi, ameshapata ufunguo. Masista wa Kikarmeli huko Ureno hulima kitani na kufuma mashuka ya arusi za kifalme. Usiku ukipita, shuka huonyeshwa hadharani kwenye roshani ya kasri. Kisha kipande chenye doa hurudi kwa masista, kikatiwa fremu na kuwekewa jina la binti mfalme. Kimoja tu ni cheupe pe, hakina jina. Mbele ya hicho ndipo watu husimama zaidi.

Hakuwa bikira? Alikataa? Alitoroka? Blixen hasemi, nami nakusihi usiharakishe kuchagua. Mhakiki Susan Gubar, mwaka 1981, aliona humo mwanamke anayekataa kuandikwa na wengine. Nakubaliana naye, ila kinachonigusa zaidi ni wazazi. Msimulizi anatukumbusha kuwa wangeweza kukificha kile kitambaa. Wakakitundika. Aibu yote ya ukoo ikaachwa ukutani bila neno, na hapo ndipo hadithi ilipozaliwa.

*Katika "Karamu ya Babette", mtumishi Babette anamaliza faranga 10,000 za bahati nasibu kwa mlo mmoja. Si ubadhirifu?*

Zamani nilidhani ni ukarimu tu. Lakini akina dada wa Berlevåg, Norway, anaowatumikia, wanapomshukuru, Babette anakana: amepika kwa ajili yake mwenyewe. Huyu alikuwa mpishi wa Café Anglais, mkahawa maarufu wa Paris, akaukimbia mji huo mwaka 1871 Komuni, serikali ya waasi wa Paris, ilipopondwa. Wakubwa aliokuwa akiwapikia walikuwa upande uliomuua mume wake na mwanawe. Bado anawalilia, maana wao ndio waliojua thamani ya mkono wake. Mapenzi ya kazi na chuki ya damu vimekaa moyo mmoja, na Blixen hajaribu kuvipatanisha. Soma tena mazungumzo ya jikoni, polepole.

*Mira Jama wa "Mpiga Mbizi" (1958) ni yule wa jahazi?*

Ndiye. Tulikutana naye katika kitabu cha Blixen cha mwaka 1934, *Seven Gothic Tales*, usiku wa mbalamwezi, chomboni kutoka Lamu kwenda Unguja. Wakati huo msimulizi huyu alikuwa amekwisha kupoteza hofu, na pamoja nayo uwezo wa kutunga. Sasa anatusimulia habari za Saufe wa Shiraz, aliyetaka kuruka kwa mbawa kama malaika, akaishia kuzamia lulu, ameridhika kabisa na maji.