Maswali ya Wasomaji: Gati Limehamaje Mita 2?

SWALI: Narusha droni ya RTK, yaani inayojipima mahali ilipo kwa usahihi wa sentimita, kupiga ramani ya magugumaji ufukweni mwa Ziwa Victoria, Ilemela. Skrini inaonyesha fiksi, lakini nikilinganisha ramani ya mwezi jana na ya leo, gati lilelile limehama karibu mita 2. Alasiri nako droni hukwama kwenye floti, yaani nafasi isiyo na uhakika kamili. Je, ni mbovu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Droni yako ni nzima, ndugu msomaji. Fiksi maana yake droni inajua kwa sentimita chache ilivyo mbali na bezi, kile kituo cha ardhini kinachoitumia masahihisho, basi. Bezi yenyewe iko wapi duniani, hilo ni suala jingine. Ukiiwasha na kuiacha ijitafutie nafasi kwa dakika mbili, kila siku inapata jibu tofauti, na ramani nzima inahama nayo.

Zika nondo kwenye zege, mbali na mabati na yale majabali yetu yanayoziba anga, kisha utie alama ya msalaba kichwani mwake. Simamisha antena juu ya alama hiyo, rekodi data ghafi za setilaiti kwa saa 6 au zaidi, zigeuze kuwa RINEX (faili la kawaida la data hizo) na uzitume CSRS-PPP, huduma ya bure ya serikali ya Kanada inayokokotoa nafasi sahihi. Majibu yakirudi, yaingize kwenye bezi kama nafasi ya kudumu. Kila unapoisimamisha, pima urefu wa antena kutoka kwenye nondo: ukikosea sentimita 10 hapo, ramani nzima inapanda au kushuka sentimita 10. Kimo utakachopata ni cha juu ya elipsoidi, lile umbo la hesabu la dunia linalotumiwa na setilaiti, usikilinganishe na zile mita 1,134 za ziwa juu ya usawa wa bahari.

Kuhusu floti, anza na umri wa masahihisho, yaani muda tangu droni ipokee ya mwisho kutoka bezi. Sekunde 1 au 2 ni sawa. Ukipita 10, redio inazidiwa au kilima kimeikinga: inua antena yake, tuma masahihisho ya aina ya MSM4, iliyo fupi, badala ya MSM7, na ujumbe 1005 (wenye nafasi ya bezi) utoke kila sekunde 10. Umri ukiwa mzuri, basi ni ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, ambalo huku karibu na ikweta huwa zito zaidi alasiri na huvurugika zaidi baada ya jua kuzama. Umbali kati ya bezi na droni usizidi kilomita 5, na urushe asubuhi.

Ramani za zamani usizitupe. Toa nafasi ya bezi ya siku ile kwenye nafasi sahihi ya mahali ilipokuwa imesimama, kisha uisogeze ramani nzima kwa tofauti hiyo.