Jibu: Buti za kauboi, kisigino kinapanda, nichukue saizi ndogo?

Habari ndugu. Umesema buti zako mpya zinashika vizuri juu ya mguu ila kisigino cha mguu kinapanda ndani ya buti ukitembea. Usikimbilie saizi ndogo. Kupanda kidogo ni kawaida, hupungua soli ikilainika. Buti hizi hazina kamba, kinachozishika ni ile ngozi ya juu ya mguu. Hapo pakaze bila kuuma. Vidole vikigusa ncha, zirudishe.

Kisha angalia ukingo wa soli. Iliyoshonwa kweli, ikichakaa fundi ataibadilisha. Ya gundi tu hubanduka mapema kwenye mvua za Aprili.

Kwa kushuka na kupanda matatu mjini, mimi huchagua buti yenye kisigino kifupi, kilichonyooka. Kile kirefu cha kuinama ni cha kushikilia kikuku, pale mpanda farasi anapoweka mguu. Rangi? Kahawia, inakubali jinzi na suti.